Kochi Dogo la Pindo

Jumamosi, 1 Machi

Nimefanya jambo. Nimeleta mbwa nyumbani.

Kusema kweli si mbwa bado. Ni kipande cha mbwa. Anaenea kwenye viganja viwili, mkia tu ndio unabaki nje. Jike la mbwa la Bwana Viti Sita — yule mteja wangu wa viti vya meza ya kulia, mtu asiyejua kunyamaza — limezaa, na sasa anagawa watoto kwa kila anayempa salamu. Mimi nilikwenda kupeleka viti tu! Nikasema sitaki. Nikasema nyumba si yangu. Nikasema sina muda. Basi huyu mmoja akaja, akang'ata pindo la sketi yangu, akaning'inia. Akagoma kuachia. Nimetembea naye hivyo hivyo hadi kwenye gari.

Jina lake Pindo. Ni jike.

Shangazi alikuwa jikoni anachambua mchele. Akaniangalia, akamwangalia, akaniangalia tena.

"Hicho nini?"

"Mbwa, Shangazi."

"Naona ni mbwa, mimi si kipofu. Nauliza kinafanya nini jikoni kwangu."

Kwake! Lakini ndiyo, ni kwake. Nyumba yote ya Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Yangu ni karakana ya makochi ya huku chini, niliyoachiwa na baba pamoja na sindano zake na wateja wake wagumu. Shangazi ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mtaa huu, na nusu nyingine inamwogopa vilevile.

Katoa masharti. Mbwa atazamwe mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, itaamuliwa kama anabaki au anarudi alikotoka. Sebuleni asiingie. Zulia asilikanyage. "Na mimi simo, mwanangu. Mimi nimelea vya kutosha."

Nikasema sawa. Angeniambia nilale juu ya paa ningesema sawa. Tangu baba aondoke karakana imekuwa kimya mno, nimeanza kuyasalimia makochi ya watu. Namtaka huyu mbwa. Haya, nimeandika.

Jumapili, 2 Machi

Hakulala. Sikulala. Kalia tangu taa zilipozimwa, kasauti kembamba kama mlango unaohitaji mafuta. Mwishowe nikashusha mkono hadi kwenye boksi lake akalalia vidole. Leo bega limekufa ganzi na nina furaha ya kijinga.

Asubuhi Shangazi kauliza ni paka gani yule aliyekuwa analia usiku kucha. Paka! Anajua fika. Halafu, huku amenipa mgongo, akasema mtoto mchanga akiwekewa saa ya mshale karibu hutulia, kwa sababu inagonga kama moyo wa mama yake. Alikuwa anaiambia sufuria.

Mchana nimeikuta saa yake ya mezani mlangoni kwangu. Imefungwa kwenye soksi.

Jumanne, 4 Machi

Kwa daktari wa mifugo. Kijana mrefu, anaongea taratibu kama mtu aliye kwenye chumba cha waliolala. Kamwangalia masikio, meno, kamminya tumbo. Lile tumbo la mviringo nililokuwa najisifia — eti mtoto ameshiba — kumbe minyoo! Wapangaji! Kapewa dawa. Viroboto pia wapo, wachache. Kachomwa chanjo ya kwanza wala hakushtuka. Niliyefumba macho ni mimi.

Daktari anasema asikanyage barabarani, wala mahali mbwa wengine wanapopita, mpaka chanjo zikamilike. Lakini pia asifungiwe ndani kama mfungwa. Aone watu, asikie kelele, aizoee dunia angali mdogo, la sivyo atakuja kuwa mbwa mwoga. Nikauliza ataizoeaje dunia bila kuikanyaga. Akaniangalia kwa huruma. "Mbebe."

Basi nimembeba. Mkoba wa zana wa baba, ule wa turubai — nimetoa nyundo na koleo, nimetandika taulo. Kichwa nje, masikio nje. Tumepita benki, duka la vitambaa, kwa fundi viatu. Fundi viatu kauliza tangu lini nyundo zangu zina pua. Watu ambao kwa miaka yote wananipungia tu mkono kwa mbali, leo wamenisimamisha. Kila mtu anataka kushika. Yeye anamlamba kila mtu, hana ubaguzi.

Nimerudi nyumbani nimechoka kuongea. Sijawahi kuchoka kuongea.

Alhamisi, 6 Machi

Anaharisha! Karakana nzima. Chini ya mashine, nyuma ya marobota ya vitambaa, hata kwenye kiatu changu cha kutokea.

Nimejiuliza nimempa nini. Chakula kilekile cha daktari, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, nimefuata kila neno. Halafu nikamwona Pindo anakwenda moja kwa moja hadi nyuma ya mlango wa jikoni, kama mtu aendaye kwenye kibarua chake. Bakuli. Maziwa.

"Shangazi!"

"Alikuwa ananiangalia."

"Daktari alisema..."

"Mtoto wa umri ule bila maziwa? Mbavu zile umeziona? Mimi nimeshika watoto kabla huyo daktari wako hajaota jino."

Nimempigia daktari, nikaweka simu kwa sauti ili na yeye asikie. Maziwa ya ng'ombe hapana, tumbo la mbwa haliyawezi. Maji safi ya kutosha, na leo kuku wa kuchemsha na wali, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Akiendelea kesho aletwe. Shangazi kasikia yote. Midomo kaibana.

Saa moja baadaye nimepanda jikoni. Kuku yuko motoni. Yule asiyekuwemo anamchambua mifupa, anaonja, anapuliza upoe. Nimeshuka ngazi kimyakimya.

Jumapili, 9 Machi

Tumbo limetulia. Amerudi kuwa mwizi wa vyandarua vya miguu — yaani soksi. Kila soksi.

Masomo ya kelele yanaendelea. Siku ya kwanza nilipowasha kompresa, mashine ya upepo wa stepla, alikimbilia ndani ya kochi la wazi la mteja, akajificha kati ya springi, ikabidi nimtoe kama njugu kwenye ganda. Sasa nawasha kwa mbali, namtupia kipande cha kuku. Nazima. Nawasha. Kuku. Leo stepla imelia tatatata mezani, yeye chini kaketi, ananitazama. Kuku yuko wapi?

Nimecheka peke yangu. Hapana, si peke yangu.

Kukojoa nje anajifunza. Akiamka tu, nje. Akila tu, nje. Uani kwetu hakuna mbwa mwingine anayeingia, kwa hiyo pale kaukanda ka majani ni halali yake. Akimaliza nampigia makofi. Jirani wa ng'ambo ya ukuta kauliza kuna harusi gani huku.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimekasirika. Sana.

Kochi la mke wa mwanasheria. Miguu ya kuchonga, mbao ngumu, kazi ya babu wa mume wake. Analifuata Ijumaa. Nimetoka dakika chache kununua uzi, nikarudi — Pindo kalala ubavu, mguu wa mbele wa kochi uko mdomoni, anatafuna kwa raha zake! Alama za meno nne nne.

Nilipiga kelele. "Ukitafuna tena kitu humu ndani nakurudisha ulikotoka! Leo leo! Bwana Viti Sita akupokee!"

Katimkia chini ya meza ya kukatia. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa amesimama kwenye ngazi na kikapu cha nguo. Hakusema neno. Yeye! Anayeweza kutoa maoni juu ya mtu anavyopiga chafya. Kapanda zake juu.

Nimeziba, nimepiga msasa, nimepaka rangi hadi mikono inanuka. Halionekani kosa. Sasa hivi Pindo amelala juu ya mguu wangu, mzito, wa moto, anakoroma. Daktari alisema meno yanamuwasha, si ukorofi, na mtu akiondoka amwache na kitu cha kutafuna. Kosa la nani basi? La aliyetoka kwenda kununua uzi.

Samahani, Pindo. Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 15 Machi

NIMEMTENGENEZEA KOCHI.

Nilikuwa nataka kumshonea mto tu. Mto ukataka kitu cha kukalia, na mimi siwezi kushona kitu kisicho na fremu, ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo: fremu ya mabaki ya mbao, pembe zimepigwa gundi na skrubu. Mikanda ya kuvutia chini, safu kamili, wima na mlalo. Sponji nzuri ngumu, ile ninayowawekea wateja wanaolalamika. Mahameli ya buluu iliyobaki kwenye kazi ya hoteli. Vifungo vitatu mgongoni. Mikono miwili ya kuegemea! Chini nimefunga kwa mshono wa siri, ule wa baba, uzi hauonekani hata ukiinamisha pua.

Baba angeniuliza kama nimerukwa na akili. Halafu angekagua pembe, angetikisa kichwa, angesema mkono wa kushoto uko juu kidogo kuliko wa kulia. Ni kweli uko juu.

Pindo kalizunguka. Kanusa. Kapanda, kajikunja, kalala chali na miguu yote minne hewani kama bibi harusi aliyechoka na wageni. Fundi viatu alikuja kuazima mkasi, akacheka mpaka akakaa chini, akaomba apigwe picha nalo.

Shangazi: "Na mimi miaka yote nakalia kiti cha plastiki jikoni."

Nimemwambia nitamtengenezea na yeye. Kasema hataki, kiti cha plastiki hakina makuu. Baadaye nimemsikia chini, anamwambia Pindo kwamba buluu imempendeza.

Jumatatu, 17 Machi

Anakua! Shangazi anampima kila asubuhi kwa mizani ile ya kuzalishia — ya kuning'iniza, mtoto anawekwa kwenye kanga. Pindo ananing'inia hewani katulia kabisa, pua tu inachungulia. Shangazi anasoma uzito kwa sauti ya wodini. "Anapanda vizuri."

Simo, simo. Haya.

Jumatano, 19 Machi

Kutwa nzima sikuwepo, kupeleka makochi ya hoteli. Nimewaacha wawili. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya na safi mno.

Shangazi kanipokea mkoba. Kaniwekea chai. Kauliza kama miguu inaniuma. Miguu yangu! Pindo kalala kwenye kochi lake, hakuamka hata kunipokea, mkia tu umegonga mara mbili.

Kisha, kama vile ni jambo la kupita tu: "Hivi yule bwana wa viti, bado anaulizia mbwa?"

Nikasema kila wiki. Ndiyo ukweli, hupiga simu kuuliza kama mjukuu wake hajambo. Shangazi kageukia jiko. Kakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Kuna kitu. Nimechoka, nitajua kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Hajala tangu jana jioni. Nilidhani joto. Nilidhani meno. Nimempa kuku, kamnusa, kanitazama, kageuza uso. Pindo amkatae kuku!

Soksi nimeitupa mbele yake. Hakuifuata.

Jumamosi, 22 Machi

Katapika mara tatu alfajiri. Mara ya mwisho povu tu. Nimemweka kwenye mkoba wa baba, safari hii kichwa kiko ndani. Shangazi kapanda garini bila kuulizwa, na viatu vya nyumbani.

Daktari kamminya tumbo pole pole, macho kafumba. Pindo kalia kidogo. Daktari kauliza: amekula nini? Nikasema chakula chake. Kitu kingine? Mfupa, plastiki, kitambaa, soksi? Nikaapa. Soksi zote nazihesabu, karakana nafagia, tangu siku ya mguu wa kochi hakuna kilichotafunwa. Naapa, Daktari!

Picha ya eksirei: utumbo umejaa hewa mahali pamoja. Kasema kuna kitu kimekaa pale, kitu laini ambacho picha haikioni. Kikiwa kidogo kinaweza kupita chenyewe kwa maji ya dripu na subira. Kikiwa kikubwa lazima apasuliwe, na usingizi wa dawa kwa mtoto mdogo namna hii si mchezo, huenda asiamke. Ndiyo maana anataka kujua ni kitu gani, na kikubwa kiasi gani. Mwache Pindo hapa, nenda nyumbani ukatafute, kaniambia. Tafuta kilichopungua.

Shangazi katika gari. Kidevu kifuani.

Nimepekua kila kona. Marobota, pipa la taka, chini ya mashine. Hakuna kilichopungua. Nikabaki naliangalia lile kochi lake, zima, safi, vifungo vyote vitatu. Nikalipindua.

Mshono haukuwa wangu.

Ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wangu wala wa baba. Kila mchomo una fundo lake peke yake. Mafundo yote yamelazwa upande mmoja, yana nafasi sawa. Hakuna fundi makochi duniani anayeshona hivyo. Hivyo hushonwa mtu.

"Shangazi."

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Kasema ni Jumatano. Alikwenda kuanua nguo, aliporudi Pindo kapasua chini ya kochi, sponji imetapakaa karakana nzima kama pamba. "Nikasema akirudi akaona, huyu mtoto hana maisha. Ulisema mwenyewe, akitafuna tena unamrudisha. Nilikusikia kwa masikio yangu. Na yule bwana anapiga simu kila wiki."

"Lakini wewe ndiye uliyesema mwezi mmoja!"

"Mimi nilisema tu!"

"Na mimi nilisema tu!"

Tukatazamana. Sijui nani alianza kulia. Shangazi hakulia hata siku ya kumzika baba, alikuwa anagawa maji. Leo kalia kama mtoto aliyevunja sahani.

Halafu kaniambia lililobaki. Aliviokota vile vipande vyote. Akavipanga mezani, akaviunganisha kimoja kimoja, kama anavyokagua kondo la nyuma mama akishajifungua — kuona kama limetoka zima, kama hakuna kilichobaki ndani. Maisha yake yote hakuwahi kukosea kondo. Akaona limetimia. Akarudisha ndani, akashona.

"Lilikuwa limetimia, mwanangu. Naapa. Nilivipanga vikajaza pale pote."

Sponji, Shangazi! Sponji ikinyofolewa inatanuka, inavimba, vipande vidogo vinakaa nafasi kubwa kuliko vilipotoka. Fundi yeyote anajua, ndiyo maana hatujazi mito kwa macho. Lakini yeye angejuaje? Kondo halitanuki.

Nimekata mafundo yake. Nimetoa vipande vyote, nikavipima kwa mizani yake ya watoto. Kisha nikakata sponji mpya kwa kipimo kilekile cha kochi, nikaipima. Tofauti ni ndogo. Konzi ya mtoto. Nimempigia daktari. Kasema ni afadhali kuliko alivyoogopa. Atamlaza kwa dripu, tungoje. Kesho aone.

Shangazi kauliza kama nimemsamehe. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtengenezea mbwa anayeota meno kochi la sponji. Kwa mahameli. Na vifungo! Kama ni kusamehe tupange foleni.

Jumapili, 23 Machi

Ameuvuka usiku. Hatapiki tena. Kazi yake imekuwa kulia kwenye kizimba cha zahanati hadi daktari kasema anamalizia kwenye kilio nguvu zote ambazo tunazihitaji, mkae naye nyumbani. Mguu wa mbele umefungwa bandeji, sindano ya dripu ipo humo humo. Kalegea, lakini kanilamba kidole gumba.

Hesabu ni hii. Kile kitu kimeonekana kimesogea, si sana. Akipata choo na sponji ikatoka, tumepona. Isipotoka hadi kesho mchana, anapasuliwa, daktari hataki kungoja zaidi, utumbo utakufa. Akitapika hata mara moja, tumlete mbio.

"Kwa hiyo tunangoja choo," Shangazi kasema.

"Tunangoja choo," daktari kakubali. "Na mkikiona, mniletee."

Shangazi kachukua mfuko wa plastiki pale pale mezani kwake, kaukunja, kauweka kifuani, ndani ya blauzi. Kwa heshima zote.

Tumemlaza sebuleni. Juu ya zulia. Nimempa maji kwa kijiko, matone matone, Shangazi anamsugua tumbo kwa vidole viwili, duara, duara, akiongea naye chini chini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba anampenda.

Kafikiri. "Niliona aibu. Mtu mzima kama mimi, kwa kijibwa."

Baadaye kidogo: "Na mwezi ule nilisema kwa sababu ulikuwa unamtaka sana. Nikasema asipodumu, angalau mtu awe hajazoea. Ulivyokuwa baada ya kifo cha baba yako, mimi ndiye niliyekuona."

Sikujua kwamba alikuwa ananiona. Nilidhani nilikuwa najificha vizuri kule karakana.

Tumemtoa uani mara nne. Amekojoa. Basi.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi. Mvua nyembamba. Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani kwa sababu nisipoandika nitatafuna kucha, na humu ndani kutafuna kumetosha.

Hajatapika. Kanywa maji. Daktari kapiga simu saa tatu kuuliza. Nikamwambia bado. Kasema meza ya upasuaji ameshaandaa, tuje saa sita, na nisimpe chochote cha kula. Anavyoongea taratibu hivyo, mtu anaweza kudhani ni habari nzuri.

Shangazi yuko naye kwenye majani. Mwavuli kamfunika Pindo, yeye mwenyewe maji yanamtiririka mgongoni. Nimemwambia tubadilishane. Hanisikii.

Pindo kasimama tu. Bandeji imelowa. Kanusa jani. Katazama ukuta. Kakaa. Mungu wangu, amekaa. Amechoka.

Jirani kachungulia juu ya ukuta, kauliza kuna nini leo, mbona hakuna makofi. Nikamweleza kwa ufupi. Hajaondoka. Sasa tuko watatu tunamwangalia mbwa mmoja.

Saa nne na nusu. Nimetoa ufunguo wa gari. Mkoba wa baba nimeuweka tayari mlangoni, taulo kavu ndani.

Amesimama tena.

Anazunguka. Shangazi anazunguka naye na mwavuli. Ananusa. Anazunguka tena, duara dogo, mgongo umeanza kukunjika — sithubutu kusogea — anachuchumaa. Anachuchumaa! Anasukuma, anatetemeka, hakuna kitu, miguu ya nyuma inatikisika, ananitazama mimi kama vile mimi ndiye nijuaye.

Shangazi katupa mwavuli. Amepiga magoti kwenye tope, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine mgongoni, na sauti imebadilika. Sijawahi kuisikia sauti hii, lakini nusu ya mtaa huu imezaliwa ikiisikia.

"Haya mama. Vuta pumzi. Mimi niko hapa, siendi popote. Usiogope. Sukuma, mwanangu. Pole pole. Sukuma —"